Bonde la Kamukunji

Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Huteremka kuelekea mashariki ukipita penye nyumba za ua na miti mirefu, ukazunguka kilima cha Makumbusho, ukapenya nyuma ya gereji za barabara ya Kirinyaga, kisha ukaingia Gikomba. Hapo bonde hupanuka. Juu ya mteremko wa kaskazini ni Majengo ya Pumwani. Ng'ambo ya pili ni Shauri Moyo. Na kati ya Shauri Moyo na maji umetandaa uwanja wa Kamukunji. Bonde la namna hii, lililo mwendo wa miguu kutoka katikati ya jiji, lenye mto, mteremko wa kuketi na tambarare ya kuchezea watoto, lilistahili kuwa bustani ya watu tangu zamani. Limengoja zaidi ya miaka mia moja.

Katika kungoja huko lilifanywa jaa, karakana, soko, njia ya maji taka, na pia baraza kubwa la siasa za Kenya. Naandika habari zake sasa kwa kuwa bustani ya mto inayosemwa kila siku imeanza kujengwa, na wanaoijenga wanapaswa kujua wanapanda miti yao juu ya nini. Ramani za wahandisi huonyesha mahali pa wazi pasipo na mwenyewe. Wenyewe wapo. Bonde hili lilibaki wazi kwa kuwa watu wa Majengo, Gikomba na Shauri Moyo hawakuacha hata siku moja kulitumia.

Reli ya Uganda ilifika hapa mwaka 1899. Miaka mitatu kabla yake, sajini mmoja wa jeshi la Uingereza, George Ellis, alikuwa ameweka kituo kidogo cha mizigo karibu na mto. Wahandisi wa reli hawakuwa wakitafuta mahali pa mji. Walitaka uwanda wa kupangia mabehewa na kurundika vyuma kabla ya kuanza kupanda milima, na maji ya kutosha injini na vibarua. Udongo ulikuwa ule mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na kando ya mto palikuwa na kinamasi cha mafunjo. Maduka ya Wahindi yalibanana si mbali na kinamasi hicho, bila mifereji ya maana. Mwaka 1902 tauni ilizuka sokoni, na wakuu wakaamuru soko lote litiwe moto. Tauni ilirudi tena katika miaka iliyofuata. Ndipo Profesa W. J. Simpson, daktari aliyetumwa kutoka Uingereza, akaandika ripoti yake ya mwaka 1913 akipendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe katika makao yao, kila kundi na upande wake, kwa hoja ya afya.

Nairobi tunayoijua ilipangwa kwa fikra hiyo. Wazungu walichukua miinuko ya magharibi na kaskazini, Wahindi wakapewa Ngara na Parklands, Waafrika wakasukumwa mashariki kwenye ardhi ya chini. Na mto unakwenda mashariki. Kila kilichomwagwa na watu wa juu kilipita mbele ya milango ya watu wa chini. Tukitaka kuelewa kwa nini Kamukunji haikupata bustani, tuanzie hapo: mteremko wa ardhi ulileta uchafu, na sheria ikahakikisha ni nani atakayekuwa amekaa chini ya mteremko.

Kabla ya Pumwani, Waafrika wa Nairobi waliishi katika vijiji walivyojijengea wenyewe: Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani, Kileleshwa. Humo walikuwamo Waswahili wa pwani waliokuja na misafara na reli, wapagazi na askari waliomaliza kazi, Wakikuyu na Wakamba waliokuwa wakiuza kuni na vyakula, na wanawake wengi waliofika mjini peke yao. Serikali ya kikoloni haikuvipenda vijiji hivi kwa kuwa haikuviamuru. Mwaka 1919 iliamua kutenga eneo moja rasmi la Waafrika, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 watu walianza kuhamishiwa Pumwani huku vijiji vyao vikibomolewa kimoja baada ya kingine. Pangani ilishikilia hadi mwisho wa miaka ya 1930, na ilipobomolewa, nyumba za Shauri Moyo zilikuwa zimejengwa mwaka 1938 kwa ajili ya kuwapokea waliohamishwa.

Kwa hiyo mitaa miwili inayotazamana kutoka kingo mbili za bonde ilizaliwa kwa kubomolewa kwa vijiji vya kwanza. Jambo hilo halijasahaulika Majengo. Mtoto wa pale hukua akisikia majina ya vijiji ambavyo havipo tena, na anaposikia kwamba serikali inakuja kuboresha mahali, swali lake la kwanza ni tutapelekwa wapi.

Pumwani yenyewe ilijengwa na wakazi wake. Manispaa ilitoa viwanja, ikaweka vyoo na mabomba ya maji ya pamoja. Nyumba zilisimamishwa na wenye viwanja kwa miti, udongo na mabati ya madebe. Zilikuwa nyumba za Kiswahili: mlango wa mbele, ukumbi wa kati, vyumba pande mbili, na ua nyuma wa kupikia. Wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu, na sehemu kubwa yao walikuwa wanawake. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kiitwacho The Comforts of Home, ameeleza kwa urefu jinsi wanawake waliouza ukahaba, pombe na chakula katika Nairobi ya kikoloni walivyoweka akiba, wakajenga nyumba, wakawa wenye mali katika mji ambao sheria zake hazikuwatambua. Kwa jicho langu hao ni miongoni mwa waasisi wa jiji hili, na inasikitisha kwamba hakuna hata jiwe moja bondeni lenye kuwakumbuka. Askari na wapagazi waliokufa katika vita vya kwanza vya dunia walau walipata Memorial Hall ya Pumwani, iliyojengwa katika miaka ya 1920, ikawa ukumbi wa dansi, mikutano na harusi.

Nyumba ilikuwa ndogo na wapangaji walikuwa wengi, kwa hiyo maisha yalimwagika nje. Bonde lilikuwa ua wa pili wa mtaa mzima. Huko vijana walicheza mpira, huko wahubiri na waganga walikusanya watu, na kando ya maji, kama ilivyokuwa kwenye mito yote ya Nairobi, akina mama walilima vishamba vya mboga.

Wakati huo huo upande wa pili wa mji ulikuwa ukipata bustani. A. M. Jeevanjee alitoa bustani yenye jina lake mwaka 1906. Arboretum ilianzishwa mwaka 1907, kando ya kijito cha Kirichwa, kwa ajili ya kujaribu miti ya kulisha injini za reli, ikaishia kuwa mahali pa kutembea jioni. City Park ikafuata katika miaka ya 1920. Hizo zote ziko magharibi na kaskazini. Mpango mkuu wa mwaka 1948, uliochorwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, ulizungumzia mabonde ya mito kuwa ukanda wa kijani wa mji mkuu wa koloni. Karatasini, basi, Kamukunji ilikuwa na ahadi ya kijani kabla ya uhuru. Lakini fedha za kanda hizo hazikuvuka kwenda mashariki. Kilichojengwa mashariki katika miaka hiyo kilikuwa nyumba za vibarua: Kaloleni, Ziwani, Starehe, Bahati.

Sasa tuingie katika sehemu ya historia ambayo Wakenya wengi wanaijua nusu tu.

Siasa za Waafrika wa Nairobi zilizaliwa mahali pa wazi, kwa kuwa hakukuwa na pengine. Machi 1922, kiongozi wa Waafrika Harry Thuku alipokamatwa, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi na Mary Muthoni Nyanjiru akawatia wanaume hamasa hadi risasi zikafyatuliwa na watu wakafa, yeye akiwamo. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, mwendo mfupi tu kutoka bondeni, kiongozi wa wafanyakazi Makhan Singh alisimama akadai uhuru wa Afrika Mashariki waziwazi. Katikati ya Mei yeye na mwenzake Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa siku kadhaa. Mitaa ya Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni ilijaa polisi, magari ya kivita na moshi wa kutoa machozi. Miaka minne baadaye, tarehe 24 Aprili 1954, operesheni ya Waingereza dhidi ya Mau Mau, iliyoitwa Anvil, iliuzingira mji, na Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu wakatolewa nyumbani, wakachujwa na kupelekwa kizuizini. Mtaa ulioona mambo hayo haukuhitaji kufundishwa maana ya mahali pa kukusanyika.

Baada ya uhuru Kamukunji ikawa uwanja wa wanasiasa kuja kuomba kura na kujipima. Mwanasiasa aliyeweza kuijaza aliogopwa. Halafu kikaja kipindi cha chama kimoja, na mahali pa kusema yale yasiyosemwa redioni pakawa haba.

Tarehe 3 Mei 1990 wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwaita waandishi wa habari, wakadai mfumo wa vyama vingi urudishwe. Rubia alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi. Aliijua Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, kwa jina la kila mtaa. Wakatangaza mkutano Kamukunji, Jumamosi tarehe 7 Julai. Serikali ilikataa kutoa kibali. Tarehe 4 Julai wote wawili walitiwa kizuizini, na Raila Odinga pia. Waliodhani mambo yameisha hawakuwajua watu wa bondeni. Jumamosi hiyo watu walikuja bila viongozi wao. Walishuka kutoka Majengo, wakapanda kutoka Gikomba, wakatokea Shauri Moyo na Muthurwa, wakiinua vidole viwili juu, alama ya vyama vingi. Matatu zilipita zikipiga honi, nazo zikionyesha vidole hivyo hivyo. Polisi na askari wa GSU, kikosi cha kutuliza ghasia, waliwavamia kwa gesi, rungu na risasi. Ghasia zilidumu siku kadhaa, zikaenea hadi miji mingine. Serikali ilikiri vifo vya watu ishirini hivi. Wengine walisema waliokufa walikuwa wengi zaidi. Tangu hapo siku hiyo inaitwa Saba Saba.

Tarehe 16 Novemba 1991 FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, liliitisha mkutano mwingine pale pale. Ukazuiwa tena, viongozi wakakamatwa, lakini Martin Shikuku na James Orengo walionekana barabarani wakiwa juu ya gari, umati ukiwafuata. Mwisho wa mwezi huo nchi wafadhili zilisimamisha misaada. Desemba kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilifutwa. Na tarehe 18 Januari 1992 FORD ikafanya mkutano wake wa kwanza wa halali Kamukunji. Walikuja watu kwa malaki. Wengine walipanda miti, wengine walisimama ng'ambo ya mto kwenye mteremko wa Majengo wakisikiliza vipaza sauti.

Hayo yana uhusiano gani na bustani? Yana uhusiano mkubwa. Miaka hiyo ya 1980 na 1990 ndiyo iliyokuwa miaka ya kunyakua ardhi ya umma. Viwanja vya shule, makaburi, vyoo vya sokoni na kando za barabara viligawiwa watu wenye jamaa ikulu, na tume ya uchunguzi ya Ndung'u ilikuja kuyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 2004. Uhuru Park ilikaribia kupandishwa jumba la ghorofa 60 mwaka 1989, ikaokolewa na Wangari Maathai. Bustani ya Jeevanjee nayo ilitiwa machoni mwaka 1991, ikatetewa na Zarina Patel, mjukuu wa aliyeitoa. Kamukunji haikuwa na mtetezi mwenye jina. Ilimegwa pembeni, hapa na pale, kama mkate unaoachwa mezani. Ila katikati yake ilibaki, na naamini ilibaki kwa sababu hakuna mnyakuzi aliyetaka kusimamisha ukuta mahali ambapo watu walikuwa wamekufa wakidai kusimama.

Kando ya uwanja, maisha ya mchana yaliendelea kwa nyundo. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Shauri Moyo wamekuwa wakifua mabati hapo kwa miaka mingi: masanduku ya wanafunzi, karai, sufuria, mabeseni ya kuku, majiko. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi aliwatembelea, na baadaye wakajengewa vibanda vya kujikinga na jua. Jiko lenye kauri ndani, lile linalokula makaa kidogo na ambalo leo liko katika nyumba za Afrika Mashariki nzima, lilisambaa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980 kupitia mikono ya mafundi hawa hawa. Karibu nao Gikomba ilikua ikawa soko kuu la mitumba nchini, pamoja na mbao, samaki na nafaka. Ukitaka kujua Kenya inavaa nini na inapikia nini, shuka bondeni.

Lakini soko lilikua bila mifereji. Vibanda vilisogea hadi ukingoni, vingine vikasimama juu ya maji kwa nguzo. Taka za soko zilitupwa mtoni kwa kuwa hakuna gari lililokuja kuzichukua. Mioto ikawa jambo la kila mwaka. Ule wa tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15. Na mto, ambao tayari ulifika Gikomba ukiwa mchafu, ulitoka ukiwa mweusi.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa watu wengi huwalaumu wachuuzi na kuishia hapo. Maji taka hayapandi mlima yenyewe. Kwa hiyo mabomba makuu ya jiji hupitishwa chini bondeni, kando ya mito, hadi kwenye mitambo ya Kariobangi na mabwawa ya Ruai. Bomba likiziba, au kifuniko cha shimo kikiibwa kikauzwe chuma chakavu, kinyesi cha nusu ya mji humwagika moja kwa moja mtoni. Tena majumba mengi ya juu yameunganisha vyoo vyao na mifereji ya maji ya mvua, ambayo nayo huishia mtoni. Mama anayeuza viatu Gikomba anaonekana akitupa mfuko. Mwenye jumba la ghorofa kumi kule juu haonekani, maana bomba lake liko chini ya ardhi. Bustani yoyote ya mto hujengwa kwanza huko chini.

London ilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hadi wabunge wakafikiria kuhama. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga kuta za mto, na ndani ya kuta hizo akapitisha mfereji mkuu wa maji taka. Juu yake ndipo zikapandwa bustani za Victoria Embankment, ambazo watalii hupiga picha bila kujua wamesimama juu ya nini. Maua yalikuja mwisho.

Nairobi mara nyingi imeanzia kwenye maua. John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira kuanzia 2008, aliusafisha mto kwa ukali wake uliojulikana: gereji zikaondolewa karibu na mzunguko wa Globe, taka zikazolewa, miti ikapandwa, na wakazi wa jiji wakaona kwa mshangao kwamba maji yanaweza kubadilika rangi. Alifariki Februari 2012, na baada yake mahali pale pakarudi kuwa pori na gereji. Mwaka 2020 pakafufuliwa na kupewa jina lake, Michuki Memorial Park, pana njia za miguu, viti, mianzi na ndege. Ni pazuri, na nampongeza kila aliyeshika jembe. Lakini pale panahusu kipande kimoja karibu na katikati ya jiji. Mto ukitoka hapo unaingia Gikomba kama zamani.

Kutoka chini, mambo yalianza kwa njia nyingine. Korogocho, mwaka 2017, kikundi cha vijana kiitwacho Komb Green Solutions, wengi wao wakiwa wameacha maisha ya uhalifu katika miaka ambayo rafiki zao walikuwa wakipigwa risasi na polisi, kilianza kuzoa taka ukingoni na kuotesha nyasi. Jaa likawa bustani ndogo, watoto wakapata mahali pa kuteleza na kubembea. Mathare walipanda miti kwa kumbukumbu ya waliouawa. Kibra, shirika la wasanifu liitwalo Kounkuey Design Initiative lilikuwa limekwisha kujenga na wakazi viwanja vya kando ya vijito tangu miaka ya 2000: daraja, choo, mahali pa kufulia, kibanda cha biashara, vyote katika kipande kimoja cha ardhi. Na Kamukunji na Shauri Moyo nao vijana wakafanya vivyo hivyo.

Bustani hizi za vijana zina sura yake, na sura hiyo inafaa kuelezwa maana haifanani na za magazetini. Ukingo huzuiwa usimomonyoke kwa magunia ya mchanga na mianzi, kwa kuwa mianzi hushika udongo upesi na hukua bila kubembelezwa. Magurudumu ya gari yaliyopakwa rangi huwa viti, vitalu vya maua na mipaka ya njia. Pana kitalu cha miche ya kuuza, maana kikundi kisicho na kipato hufa. Pana sehemu ya kuosha magari au pikipiki, choo cha kulipia, pengine sungura au kuku. Upande mmoja wanacheza draughts, upande mwingine mtu anapiga picha za harusi. Mlinzi ni kijana wa mtaa ambaye kila mpita njia anamjua kwa jina la utani. Kila mvua kubwa mto hurudisha taka za juu na kuzilaza juu ya nyasi, na asubuhi yake vijana huanza upya. Nimeona bustani nyingi za fedha nyingi zikifa kwa kukosa hao tu.

Mvua ya Aprili na Mei 2024 haikurudisha taka peke yake. Mito yote ya Nairobi ilifurika, watu wakafa Mathare na kwingineko, na serikali ikaamuru wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke. Matingatinga yakafika Mathare, Mukuru na kingo za Gikomba wakati watu bado wakianika magodoro. Mwaka huo huo mradi wa serikali wa Climate WorX uliajiri maelfu ya vijana wa mitaa kusafisha kingo, na Machi 2025 Rais William Ruto alitangaza mpango wa shilingi bilioni 50 wa kuufufua mto: mabomba mapya ya maji taka, njia za miguu na baiskeli, nyumba, masoko na bustani kutoka magharibi ya jiji hadi Ruai. Tume ya Mito ya Nairobi ilikuwa imeundwa tangu 2022.

Safari hii mabomba yametajwa mwanzo, na hilo ni jema. Yaliyobaki ni mambo mawili ambayo watu wa bondeni wanayauliza, nami nayauliza pamoja nao.

La kwanza ni wachuuzi. Seoul, Korea Kusini, ilibomoa barabara ya juu ikaufungua mto wa Cheonggyecheon mwaka 2005, urefu wa kilomita karibu sita, na dunia nzima ikaenda kuutazama. Wachuuzi wa kando yake walihamishiwa katika uwanja wa michezo wa Dongdaemun, na miaka michache baadaye uwanja huo nao ukabomolewa wakahamishwa tena. Dar es Salaam inapita njia hiyo hivi sasa katika bonde la Msimbazi. Jangwani ni ndugu wa Kamukunji kabisa: tambarare ya mto iliyo karibu na Kariakoo, iliyofanyiwa mikutano mikubwa ya siasa, iliyofurika vibaya Desemba 2011. Huko wakazi wa bondeni walihesabiwa na kulipwa fidia kabla ya bustani kuanza. Malalamiko hayakukosekana, ila walihesabiwa. Gikomba nayo ihesabiwe: mwenye kibanda, mwenye mkokoteni, fundi na mama wa chai, kila mmoja kwa jina lake.

La pili ni uwanja wenyewe. Bustani za kisasa huja na uzio, lango, saa za kufungwa na ada. Kamukunji ikifungiwa lango, Wakenya watakuwa wamepoteza kwa mbao za matangazo kile ambacho hawakupokonywa kwa risasi. Kifungu cha 37 cha katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani, na haki hiyo inahitaji mahali pa kusimama. Pandeni miti pembeni, wekeni viti mteremkoni upande wa Majengo, jengeni daraja la miguu watoto wavuke kwenda shule bila kukanyaga maji. Katikati paachwe wazi. Na jina la Mary Muthoni Nyanjiru, la Matiba, la Rubia, la Makhan Singh, na majina ya waliokufa Saba Saba, yaandikwe mahali yatakaposomeka.

Kuhusu mipaka, kanuni za mazingira za mwaka 2006 zilisema ukingo wa kuhifadhiwa uwe sawa na upana wa mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi 30, na upimwe kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko yaliyowahi kurekodiwa. Gikomba alama hiyo haiko katika faili moja tu. Iko kwenye kuta za maghala ya mbao, penye mstari wa matope, na iko kwa wazee wa Majengo na Shauri Moyo wanaojua maji yalifika mlango wa nani, mvua ya mwaka gani. Wapimaji washuke wakae nao, wapige kigingi pamoja.